Mkaa Aliouwasha Mahfoudh

Ndugu yangu Mahfoudh, tuliyenyonya naye ziwa moja, alisema mbele ya watu wa hoteli moja ya Ujerumani kwamba mimi ni khaddama, mtumishi wa nyumbani kwao, na kwamba mimi ndiye niliyetaka kuwachoma moto. Yote mawili ni uongo. Mimi ni dada yake mkubwa, na mkaa aliuwasha yeye. Nimelitanguliza hili makusudi, kwa sababu nikianza kueleza milima na maji na vituko vya safari ile watu hucheka sana, na wakishacheka husahau nilichoanzia.

Jina langu Masouda binti Sinan. Nakaa Darsait, mtaa wa Maskati, Oman, katika nyumba kongwe aliyoiacha marehemu baba, baina ya fundi wa makochi na duka la Mhindi anayeuza vitunguu na kadi za simu. Tulikuja kutoka Unguja mimi nikiwa mtoto wa kushikwa mkono na Mahfoudh akiwa bado tumboni. Umri wa skuli uliponifikia, bibi yetu alikuwa amepooza upande mmoja na akatakiwa mtu wa kumgeuza kitandani. Nikaambiwa skuli nitakwenda mwakani. Bibi, Mungu amrehemu, aliishi miaka mingi, na huo mwakani haukufika. Mahfoudh ulipomfikia umri alishonewa kanzu nyeupe, akanunuliwa mkoba, akapelekwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga viatu. Herufi nilizipata chuoni kwa kusoma Kurani. Kuandika Kiswahili nimejifunza ukubwani kwa simu, kwa kujibizana na watu kwenye makundi ya arusi. Niliolewa, nikaachwa, hilo ni deni jingine, na mdaiwa wake keshakufa.

Kazi yangu ni kushona kofia. Si hizi za mashine zinazouzwa kwa mafungu. Nashona kofia ya viua, ya mkono, tundu baada ya tundu, ile ambayo mwanamme akiivaa hata kama hana lolote kichwani watu humpisha. Mahfoudh hajapata kuvaa kofia ya mtu mwingine tangu alipobaleghe. Sasa ni mkubwa katika wizara fulani, ana jumba Bawshar lenye ngazi mbili, moja ya kupandia na moja ya kutazamwa, na mke, Wijdan, na binti mmoja, Malak, anayesoma chuo kikuu. Mama yetu, Bi Sayyida, hakutaka kuhamia Bawshar. Alisema nyumba ambayo ukitaka chumvi lazima upande gari si nyumba, ni kituo cha polisi. Akabaki na mimi Darsait, yeye na magoti yake.

Magoti hayo ndiyo yaliyotupeleka Ujerumani. Mwaka jana, joto lilipokuwa limeanza kuyeyusha kandambili mlangoni, Mahfoudh alikuja na simu mkononi, akamwonesha Mama picha ya milima.

"Mama, nakupeleka Bavaria. Kuna kijiji huko milimani kina maji ya tiba tangu zama za kale. Wafalme walikuwa wakienda kutibiwa magoti."

"Wafalme wana magoti gani na wao hawapigi deki?" Mama akauliza.

"Wenyewe wanasema yanaponya."

"Maji ya moto si yapo Ghala, nyuma ya magereji? Gari lako unalipeleka huko kila likikohoa. Siku moja ungenipakia na mimi."

Mahfoudh akacheka. "Ghala kuna oili na matairi, Mama. Kule ni mambo mengine."

"Haya. Magoti nayo yajue kuwa yamesafiri."

Kisha Mahfoudh akanigeukia. "Na wewe dada utakuja. Nani atamnyanyua?"

Hivyo ndivyo nilivyoalikwa: nani atamnyanyua. Mtu mwenye akili angelisikia hapo hapo. Mimi nilifurahi mpaka nikasahau kuzima jiko. Usiku ule nikakata kitambaa kipya cheupe, nikaanza kumshonea kofia ya shukrani, ya maua ya nyota, ngumu kuliko zote nilizopata kushona.

Wijdan alifunga safari kama anayehama. Sanduku moja zima lilikuwa la mchele, ndimu kavu, bizari na papa mkavu.

"Wifi, kwani Wajerumani hawali?" nikamwuliza.

"Wanakula nguruwe," akasema. "Nami siamini hata mkate wao."

Mahfoudh naye alikuwa na mzigo wake: kasha la udi, ubani wa Dhofar, mkaa wa vidonge ule unaoshika moto kwa kiberiti kimoja, na chetezo cha umeme, maana yeye bila ya kujifukiza hatoki nyumbani hata kwenda kutupa taka.

Basi tukaruka mpaka Munich, na kutoka Munich Mahfoudh akakodi gari kubwa. Milima ikaanza kuja. Sisi milima tunayo. Maskati ukiinua kichwa ni mlima, lakini yetu imekaa kama mifupa. Ile ya kwao imevaa. Majani mabichi mpaka unadhani watu wa baladia, manispaa yao, wameyapaka rangi, na juu kabisa theluji, mwezi wa Agosti, bila ya haya. Ng'ombe walikuwa na kengele shingoni kubwa kama sufuria.

"Huyu naye mbona kavaa njuga?" Mama akauliza. "Ana arusi?"

"Ni ili asipotee, Bibi," Malak akamwambia.

"Ningelimvisha babako na yeye."

Kijiji chenyewe ni barabara moja, kanisa moja, nyumba za mbao zenye maua madirishani, na wazee wazima wenye mvi wanaotembea na kaptula za ngozi bila ya kuombwa na mtu. Katikati lipo hamamu la zamani, limeungana na hoteli tuliyofikia, jengo la rangi ya manjano lenye nguzo, na ukutani picha za wana wa wafalme waliokuja kuoga humo. Maji yananuka yai bovu. Mama alipoyasikia harufu aliziba pua na ukaya, akasema sasa anaelewa kwa nini wafalme wale wote wamekufa.

Lakini alikubali. Dawa yao kubwa ni matope, matope meusi ya bwawani yaliyopashwa moto, na mgonjwa huzamishwa mpaka kifuani. Mhudumu, mwanamke mwenye mikono ya mwokaji mikate, alimtia Mama humo na gauni lake la kuogea refu, akabaki kichwa na mikono.

"Mimi sasa ni muhogo," Mama akasema. "Mkija kunichimba mje taratibu."

Nikamwacha amefumba macho, nikatafuta choo. Nikafungua mlango. Haukuwa wa choo. Ndani wameketi Wajerumani watu wazima, wake kwa waume, kama walivyozaliwa, wamepangwa kwenye ngazi za mbao kama mabakuli kabatini, mvuke unawapanda. Mmoja akanisalimu kwa adabu kabisa. Nikaufunga mlango, nikauegemea kwa mgongo.

"Umeona nini?" Mama akauliza kutoka matopeni.

"Sikuona kitu."

"Mbona umeushika mlango kama unazuia mbuzi?"

Nikamweleza.

"Uchi kabisa?"

"Kabisa, Mama."

"Watu wazima?"

"Wa umri wako."

"Astaghfirullah," akasema. Kisha akasema, "Miwani yangu umeiweka wapi?"

Sitakataa: siku zile za mwanzo zilikuwa siku njema. Magoti yalilegea, Mama akatembea kutoka kitandani mpaka dirishani bila ya kushika ukuta. Tulikula meza moja sote. Alasiri nilimsukuma Mama kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka kwenye benchi la mbele ya kanisa, nikatoa kofia ya nyota nikashona, na vibibi vya pale wakawa wanasimama kutazama sindano. Nikafikiri: kumbe na mimi nimefika mahali.

Alhamisi akatokea Badr. Badr ni mkubwa wa Mahfoudh kazini, na kwao pia asili ni Unguja. Alikuja na mkewe, na hoteli waliyofikia ni ile ile yetu. Mahfoudh alipomwona alinyooka kama kapigwa pasi. Tangu hapo akawa anacheka kabla ya Badr kumaliza kusema. Badr alimbusu Mama kichwani, na mimi sikutambulishwa. Nilikuwa nimeinama nafunga breki ya kiti. Nilidhani ni kusahau.

Ikaja Ijumaa. Mahfoudh na Badr wamepatana waende mji wa pili, wenye msikiti wa Waturuki. Mahfoudh akataka kwenda ananukia. Chetezo chake cha umeme kikakataa kuingia ukutani, maana matundu ya Wajerumani ni ya duara na ya kwetu ni ya pembe. Nilipopita mlangoni pake nikamkuta na fulana na wizari, shuka ya kiunoni, kofia yangu kichwani, mkaa umewaka juu ya kisahani cha chai, udi umewekwa, kiti kimesimamishwa juu yake na dishdasha jipya, kanzu yake ya kutokea, limetandazwa juu ya kiti. Moshi ulikuwa umejaa chumba kama siku ya kutoa pepo.

"Fungua dirisha," nikamwambia.

"Nikifungua, moshi utatoka. Nguo haitashika."

"Utafukiza mpaka na kitanda."

"Dada, nenda kwa Mama."

Nikaenda kwa Mama. Sijafika hata kuketi, kengele ikalia. Si kengele ya ng'ombe hii. Hii ililia nyumba nzima, ukutani na darini, kama kiyama kimeingia kwa mlango wa nyuma. Watu wakaanza kukimbia. Vijana wawili wa jikoni wakamnyanyua Mama na kiti chake wakamteremsha ngazi, naye anawaombea dua kwa Kiarabu na kuwaelekeza kwa Kiswahili. Tukatoka bustanini. Wageni wote walikuwa nje: wenye majoho ya kuogea, wenye taulo tu, na wale wa ngazi za mbao, wanatoka mvuke, wamejishikia kilichopo. Mama alikuwa ameshavaa miwani.

Gari la zimamoto likaja na king'ora. Kumbe pale zimamoto ni wanakijiji wenyewe wa kujitolea, na siku ile walikuwa kwenye mazoezi ya bendi; mmoja alishuka na kofia ya chuma kichwani, kaptula ya ngozi chini, na tarumbeta bado kwapani. Wakapanda mbio na mpira wa maji. Baadaye akateremka mkubwa wao, mkononi amebeba kisahani cha chai, na juu ya kisahani kidonge cha mkaa.

Mwenye hoteli, mwanamke mnene wa umri wangu, akauliza jambo kwa Kiingereza. Badr naye alikuwa pale pale, kavaa dishdasha safi, anamtazama Mahfoudh. Na Mahfoudh alikuwa amesimama na fulana na wizari, miguu mitupu, mbele ya mkubwa wake.

Akaninyooshea kidole. Akamwambia yule mwanamke kwa Kiingereza, kisha akamgeukia Badr akasema kwa Kiswahili, wazi, nami niko hatua mbili kutoka kwake:

"Khaddama wetu huyu. Hakusoma, masikini. Kila siku tunamkataza."

Badr akanitazama. Abaya yangu ilikuwa kuukuu, mama namsukuma, Kiswahili nasema kama makhaddama wanaoletwa kutoka Afrika. Akaamini. Akatikisa kichwa, akasema, "Hawa wana mitihani, ndugu yangu." Na kofia iliyokuwa juu ya kichwa cha Mahfoudh, viua vyake nilivitoboa mwezi mzima wa Ramadhani, na mfungo tumboni.

Wijdan alitazama kucha zake. Malak alifungua mdomo, baba yake akamkata jicho, akaufunga. Na Mama, aliyesikia kila neno, aliyetuzaa sote wawili na hakuzaa mwingine, aligeuza uso akatazama milima.

Tuliporuhusiwa kurudi ndani nilimlaza, nikaanza kumkanda miguu kama ada.

"Aibu ya mwanamme nzito, mwanangu," akasema. "Yako wewe nyepesi. Ibebe tu, tutarudi kwetu."

Nikaendelea kumkanda. Mikono yangu haikujua kazi nyingine.

Baada ya sala Mahfoudh akaja. Ananukia vizuri, hilo lazima niseme, dishdasha lilishika.

"Dada, siku mbili tatu tu. Badr akishaondoka mambo yatakwisha. Wewe kula kwenye ile meza ndogo ya karibu na jiko, ili isije ikaonekana... unaelewa."

"Naelewa. Khaddama hali na bwana wake."

"Usilifanye kubwa."

"Sikulifanya mimi. Mimi nimelikuta kubwa."

Nikala kwenye meza ndogo. Yule mwanamke mwenye hoteli, ambaye Mahfoudh alidhani atanichukia kwa kutaka kumuunguzia nyumba, akanihurumia. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alinipeleka jikoni kwake, akanikalisha, akanikatia keki ya zambarau zao, akamwita Malak atafsiri. Akanishika mkono. Akauliza kama pasipoti yangu ninayo mwenyewe au wamenizuilia. Akauliza kama nalala vya kutosha, na kama nikitaka kurudi kwetu wananiruhusu.

Malak alitafsiri uso umemwiva kama bilinganya. Alipofika mwisho akasema, "Shangazi, nimwambie ukweli? Nakuomba nimwambie."

"Ukweli si wako," nikamjibu. "Mwambie babako aje amwambie. Huyu mama mwambie ahsante kwa keki, na kwamba silali vizuri tangu Ijumaa."

Keki ilikuwa nzuri. Nilikula vipande viwili. Hasira na njaa ni vitu mbalimbali.

Tukarudi Maskati. Magoti ya Mama yalikuwa yamepona kwa kiasi chake. Mahfoudh alimhadithia kila mtu magoti hayo kana kwamba ameyatia yeye mwenyewe. Mimi kofia ya nyota nikaikunja nikaitia kwenye kopo la biskuti. Duara la juu lilikuwa tayari, na ukanda wa pembeni tayari. Kazi iliyobaki ilikuwa kuviunganisha tu. Sikuviunganisha.

Nikangoja. Nilitaka nione kama neno litakuja lenyewe, kwa miguu yake. Miezi ikapita, Ramadhani ikapita, Idi Ndogo Mahfoudh akaja Darsait akabusu mkono wa Mama, akaniuliza kofia yake ya Idi iko wapi.

"Haijakwisha," nikasema.

"Vidole vimezeeka, dada?"

"Vidole vizima."

Idi Kubwa tulikwenda Bawshar. Siku ya pili ndipo wanapofukua shimo la shuwa, nyama iliyookwa ardhini, nayo inatoka inaanguka mifupani, na nyumba ya Mahfoudh hujaa wageni wa wizarani. Mama ni mtu mzima, hukaa anapotaka, na alitaka sebule ya wanaume, karibu na kiyoyozi. Nikakaa naye. Badr alikuwapo. Nabatanzi, binti wa Kiganda anayefanya kazi pale nyumbani kwa Mahfoudh, alikuwa akizunguka na birika la kahawa.

"Mahfoudh!" Badr akaita. "Wape watu kile kisa cha moto wa Ujerumani."

Mahfoudh akanitazama mara moja, haraka, kama mtu anayetazama saa. Ningemsamehe kama angelisema kimepita, au angelisema nimekisahau. Lakini wageni wote walikuwa wameshageuka, na Mahfoudh hawezi kuliacha kundi la watu wanaotaka kuchekeshwa. Akaanza. Akaeleza kengele, taulo, yule wa tarumbeta. Kweli anajua kuhadithia, hata mimi nilikuwa karibu kucheka. Akafika penyewe.

"Kumbe khaddama kawasha udi chumbani!"

Sebule nzima ikalipuka. Na macho yote, kama yamevutwa na uzi mmoja, yakamwendea Nabatanzi, aliyesimama katikati na birika lake.

"Ndiye huyu?" mgeni mmoja akauliza.

Mahfoudh hakusema ndiye, hakusema siye. Alicheka tu.

"Mimi?" Nabatanzi akasema. "Ujerumani, mimi? Jamani, hata Ghala sijapelekwa."

Waliojua Kiswahili wakacheka mara ya pili. Lakini Badr hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, anakunja kipaji, maana uso alioukumbuka bustanini haukuwa wa Nabatanzi, na uso huo sasa umeketi kwenye kochi, umevaa dhahabu ya Idi, mkono umeshikwa na Bi Sayyida.

"Na huyu bibi..." akaanza.

Mama akaweka kikombe chini. Nilidhani atatazama ukuta, kwa kuwa milima haikuwapo.

"Badr, mwanangu," akasema, "huyu ni Masouda. Binti yangu, kifungua mimba wangu. Na aliyeuwasha mkaa ule nimemzaa mimi vilevile. Nami nimejaaliwa wawili tu."

Hapakuwa na haja ya mtu kumfafanulia mwenziwe. Badr akainuka, akaja akambusu Mama kichwani, akaniamkia mimi kwa jina langu, "Shikamoo Bi Masouda," sauti imemshuka. Mtu mmoja akasema nyama itapoa. Wakainuka. Na Mahfoudh, nyumbani kwake, kwenye kochi lake, alikuwa ameinamia simu anatafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Nikaenda jikoni. Nabatanzi alikuwa anasuuza vikombe kwa kelele.

"Mama Masouda, kwa hiyo wewe ndiye ulikuwa mimi?" akaniuliza.

"Mimi ndiye."

"Na kuitwa hivyo ni kubaya sana? Mimi naitwa kila siku."

"Kilicho kibaya ni uongo, mwanangu. Kazi haina ubaya."

"Eeh," akasema, akafunga bomba. "Lakini uongo wenyewe leo umelala kwangu. Wewe mama yako amekutetea. Wangu yuko Masaka."

Nikachukua kitambaa, nikamfutia vikombe.

Wiki iliyofuata gurudumu la kiti cha Mama likang'oka, na Mahfoudh akajitolea kutupeleka Ghala kwa fundi wa kuchomea vyuma. Mama akabaki nyumbani. Tukafika, fundi akakichukua kiti, tukangoja garini, vioo juu, kiyoyozi kinavuma. Mahfoudh alishika usukani na gari limesimama.

"Dada," akasema, hakunitazama, "ile ya Ujerumani. Nisamehe."

Nikamtazama. Mvi zimemwingia masikioni. Alikuwa anasema kweli, hilo sitamnyima. Kichwani alikuwa na kofia ya dukani, ya mashine, imemkaa kama kifuniko cha mtungi mwingine.

"Fungua kioo," nikamwambia.

"Kioo cha nini?"

"Fungua kioo useme hivyo hivyo. Nje yupo fundi wa vyuma, yupo yule wa matairi, wapo wale wanaokunywa chai. Hawatujui hao. Anzia kwao, uzoee. Halafu twende kwa Badr. Halafu Malak ampigie yule mama wa Ujerumani. Na tukirudi Bawshar, umwite Nabatanzi sebuleni, watu wakiwepo."

Alikitazama kitufe cha kioo. Mkono uliinuka, nilimwona. Nje jua la Ghala lilikuwa linatetemeka juu ya mabati.

"Joto, dada," akasema. "Nikifungua, baridi itatoka."

Tukarudi Darsait na kiti kimepona.

Mama amelipa. Alichelewa, lakini alilipa mbele ya watu, na simdai tena. Anayedaiwa ni Mahfoudh bin Sinan, wa Bawshar. Alichokipasua bustanini mbele ya watu amekuja kukishona garini, vioo juu, na mshono wa namna hiyo mimi fundi siupokei. Ananidai kofia, naye nadhani anajua iliko: imo kwenye kopo la biskuti, duara mbali, ukanda mbali. Kuviunganisha ni kazi ya alasiri moja. Akishasema mbele ya watu, kwangu na kwa Nabatanzi, nitatia uzi.